Mzigo wa moto kwa safari ya siku nne: tununue nini?

Maneno ya mhusika wa matembezi mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka. Yameandikwa jinsi yalivyosemwa, yamepunguzwa kidogo.



Nimepewa dakika ishirini. Zikifika thelathini mtanisamehe, au mtanikohoa.

Mnajua habari yenyewe. Chama kina moto mbili, zote za cc 125, na wafadhili wametuandikia kwamba kuko feza ya kununua vyombo vya kubebea mizigo kwa ajili ya matembezi ya mbali. Pamoja na barua walituma picha: masanduku ya aluminiamu, mawili ya pembeni na moja la nyuma, yanang'aa, kila moja na kufuli yake. Ile picha imezunguka kwenye simu za watu wote hapa. Vijana wameipenda sana. Hata mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisema, sasa njo tumefika.

Leo nimesimama kuomba tusinunue yale masanduku. Nitaeleza kwa nini, na nitasema tununue nini mahali pake. Lakini lazima nianze na kosa langu mwenyewe, maana wengine humu ndani wanalijua, na nikiliruka watasema najificha.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua, nilitoka hapa kutembelea wanachama wa upande wa Fizi na kuendelea mpaka Lulimba. Safari ya siku nne. Nilifunga gunia juu ya keria, juu ya gunia nikaweka blanketi, na juu ya blanketi nikafunga malete kwa mpira. Malete ya plastiki nyeusi, ile ya ofisi, mtu akiibeba anaonekana mkubwa. Ndani kulikuwa daftari la michango, bahasha ya msaada wa msiba na muhuri wa chama.

Siku ya tatu nilifika kwenye kijito. Si mto wa kuogopa, maji ya magoti tu. Katikati, gurudumu la mbele liligonga jiwe na moto ikalala. Sisemi ilianguka. Ililala, polepole, kama mtu mwenye usingizi, na mimi nikiivuta ibaki wima sikuweza, kwa sababu uzito wote ulikuwa juu. Malete ilikaa ndani ya maji muda wote wa kuita vijana wawili waje kuninyanyua.

Bahasha ilikauka. Muhuri haukupata kitu. Daftari liliandikwa na karani wetu wa wakati ule kwa kalamu ya wino wa maji, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na alipenda uonekane. Kurasa zote za michango ya ule mwaka zilibaki za buluu, kama anga.

Mwezi wa kwanza mama mmoja wa upande ule alifiwa na mume wake. Kanuni yetu mnaijua: mwenye michango kamili anapata msaada kamili, na anaupata kabla ya maziko. Yule mama alikuwa ametoa kila mwezi, bila kukosa, kwa mkono wa mjumbe wa kijiji. Mjumbe aliapa. Lakini daftari halikusema kitu, na komite ikagawanyika. Wengine walisema tukimlipa huyu bila maandishi, kesho watakuja kumi. Tulibishana wiki sita. Mwishowe yeye mwenyewe alileta karatasi zake ndogo, zile mjumbe alizokuwa anamkatia, alizitunza ndani ya kopo la maziwa. Tulimlipa siku ile ile. Lakini matanga yalikuwa yameisha zamani, na mbao za sanduku alizikopa kwa jirani.

Hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu: «Papa, ile daftari uliibebaka wapi?»

Sikuwa na jibu ya kumpa. Ndiyo maana sasa, kila mtu akinionyesha mfuko au sanduku, mimi naanza na swali la yule mama.

Bon. Tuingie ndani ya kazi.

Watu wengi wakitaka kuchagua mfuko wa moto wanaanza na mfuko. Mimi pia nilifanya hivyo. Anza na mizani. Mwaka jana, kabla ya safari ya mwezi wa sita, tulibeba vitu vyetu vyote mpaka sokoni kwa mama mmoja anayeuza ndagala, tukamwomba mizani yake. Alicheka, lakini alitupimia. Sikilizeni: nguo, viatu na blanketi, kilo 9. Funguo za kutengenezea moto, pampu na mpira wa ndani wa akiba, kilo 6. Mafuta lita 10, karibu kilo 7 na nusu. Maji lita 10, kilo 10. Chakula, kilo 6. Madaftari na ile malete, kilo 5. Dawa na sabuni za wagonjwa, kilo 8. Na vitu vya watu, yaani zile pakiti za «nipelekee kaka yangu», «nipelekee shangazi», kilo 11. Jumla kilo 62 na nusu. Ni sawa na kubeba mtu mzima, na bado dereva mwenyewe hajapanda.

Mizani ilitufundisha kuliko mafundi wote. Maji tulipunguza mpaka lita 3, kwa sababu vijito viko, tunabeba dawa ya kusafishia maji. Mafuta lita 5, maana katika senta kubwa yanauzwa kwa chupa kando ya barabara. Nguo jozi moja ya kuvaa, moja ya kavu. Chakula kwa siku ya kwanza na akiba ndogo, maana tukifika kwa wanachama tunakula kwao, na ukikataa wanaumia. Malete ilibaki nyumbani. Dawa hatukugusa, dawa njo safari yenyewe. Na vitu vya watu tuliwekea mpaka: kilo 5 kwa moto moja, anayewahi ndiye anayepelekewa. Kwa hilo nimegombana na ndugu zangu wa damu mpaka leo. Tulifika kilo 33. Kwa kilo 33 huhitaji masanduku matatu.

Jambo la pili ni mahali mzigo unapokaa, na hapa wamama wananielewa haraka kuliko vijana. Mtoto akifungwa mgongoni chini, karibu na kiuno, mama anatembea, analima, anachota maji. Mtoto yule yule akipanda kwenye mabega na kuanza kucheza, mama anayumba. Uzito haujabadilika hata kidogo. Moto ni hivyo hivyo. Kilo 20 zikikaa pembeni chini, kwenye usawa wa kiti au chini yake, utazisahau. Kilo 20 juu ya keria, nyuma ya mhimili wa gurudumu, zitakukumbusha kila shimo.

Nani hajapanda kutoka hapa mpaka Fizi? Barabara inaacha ziwa, inaingia mlimani, na mvua ikinyesha kuko sehemu udongo unakuwa sabuni. Mzigo ukiwa nyuma sana, mbele inakuwa nyepesi, usukani haukutii, moto inataka kuangalia mawingu. Ukishuka ni kinyume: kila ukifunga breki mzigo unakusukuma mgongoni. Ile sanduku ya tatu kwenye picha, ya nyuma, inakaa mahali pabaya kuliko pote. Na kwa kuwa ni kubwa na ina kufuli, mtu anaweka ndani yake vitu vizito na vya thamani.

(Neno la pembeni. Sisi tuliokulia Tanzania tunasema keria, wenzetu waliobaki hapa wanasema portbagaji. Tulishapoteza saa nzima kwa fundi wa kuchomelea kwa sababu ya maneno hayo mawili. Ni chuma kile kile.)

Sasa masanduku ya pembeni. Sitaki mseme nayachukia bure. Kwenye lami, mjini, ni kitu kizuri: mvua haiingii, mwizi wa haraka anashindwa, unafungua na kufunga kama kabati. Aliyepiga ile picha alikuwa kwenye lami, angalieni vizuri chini ya magurudumu.

Lakini mwenzetu mmoja yuko hapa, amekaa pale mbele, ameniruhusu niseme. Yeye alijitengenezea masanduku ya bati kwa fundi, mazuri kabisa, kila moja kilo 7 ikiwa tupu. Siku moja kwenye matope aliteremsha mguu kujizuia asianguke, kama sisi wote tunavyofanya mara mia kwa siku. Mguu ukakwama kwenye matope, moto ikaendelea mbele, na kona ya sanduku ikamgonga mguu kwa nyuma, chini ya goti. Mfupa ulivunjika. Miezi mitano hakupanda moto, na ile miezi watoto wake walikula kwa mkono wa chama hiki. Mfuko wa kitambaa ungemsukuma, ungempaka matope, na angeamka akicheka. Chuma hakisogei.

Na likigonga jiwe? Bati letu la chuma fundi analinyoosha kwa nyundo, anachomelea, siku hiyo hiyo unaendelea. Aluminiamu haishiki kwa mashine ya kuchomelea chuma tuliyo nayo hapa. Ikipinda, kifuniko hakikai sawa tena, na sanduku ambalo kifuniko hakikai sawa ni beseni la kukingia mvua.

Kuna pia upana. Masanduku mawili yanazidi usukani. Mkitoka barabara kubwa mkaingia njia za miguu, mnapita katikati ya mihogo na mawe. Mahali daraja limekwenda na maji, moto inapakiwa kwenye mtumbwi, au wanaume wanne wanaibeba mabegani. Hapo mzigo lazima utoke haraka. Kipimo changu ni hiki: moto na mzigo wake wote ipite kwenye mlango wa nyumba yako bila kugusa. Isipopita, itagusa mahali pengine.

Basi tununue nini? Mikoba miwili laini ya pembeni, iliyoshikana kwa mikanda inayopita juu ya kiti. Kila mkoba lita 20, ukubwa wa bidoni ya njano, hakuna asiyeijua. Kijana mmoja ameniuliza kwa nini si lita 40. Kwa sababu mfuko ukiwa na nafasi, shangazi ataijaza.

Kuhusu maji kuingia, hapa niseme kidogo zaidi, maana sisi waliorudi tuna elimu ambayo watu wengine hawana. Ile shitingi ya UNHCR, mita 4 kwa 5, wengi humu walizaa na kulea watoto chini yake, Lugufu na Nyarugusu. Mtu aliyeishi chini ya shitingi miaka kumi anajua maji hayapiti katikati ya karatasi. Yanapita kwenye mshono, kwenye tundu la msumari, na kwenye mkunjo uliosuguliwa na mti. Mfuko wa moto ni hivyo hivyo. Muuzaji atakuambia, «hii haiingizi maji», na anakuonyesha kitambaa. Wewe usiangalie kitambaa. Geuza mfuko ndani nje uangalie mishono, halafu angalia mdomo unafungwaje.

Ndiyo maana nasema kazi mbili zigawanywe. Mkoba wa nje ufanye kazi ya kuvumilia: mawe, miiba, matope, kuvutwa. Huo tunaweza kuushona hapa hapa Baraka, kwa bashi nzito ya lori, uzi wa nailoni wa mafundi viatu, na chini yake kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu. Ukipasuka unashonwa popote kuko sindano. Na mfuko wa ndani ufanye kazi moja tu, kuzuia maji. Huo ni ule wa plastiki nzito usio na mshono wa uzi, viungo vyake vimeunganishwa kwa moto, mdomo wake unakunjwa. Hapo, wageni wetu, tunawahitaji kweli, maana huo hatuwezi kuutengeneza vizuri hapa. Unatoa hewa, unakunja mdomo mara tatu, si moja, halafu unafunga kifungo. Ukikunja mara moja ni kama hukukunja.

Zipu, hapana. Vumbi la kiangazi na matope ya masika vinaua zipu kabla ya mwaka kuisha, na ikifa unabaki na mfuko wazi porini.

Kujaribu ni rahisi. Weka gazeti kavu ndani, funga, mwagia ndoo tano za maji, acha mfuko ulale ndani ya maji muda wa kunywa chai, fungua. Gazeti litasema ukweli. Nimewahi kununua mfuko mmoja wa bei kali mjini, gazeti likatoka kama uji.

Mambo ya chuma kidogo, kwa wanaopenda vyuma. Kwenye hizi moto zetu bomba la moshi liko kuume na mnyororo uko kushoto, kila upande na hatari yake. Mimi nilishaunguza blanketi karibu na Mboko, nikafikiri watu wa kijiji wanachoma takataka, kumbe ni mimi. Upande wa bomba panatakiwa kipande cha bati kati ya bomba na mkoba, kisiguse bomba, kiache nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Pande zote mbili panatakiwa chuma cha mviringo kinachozuia mkoba usiingie kwenye gurudumu. Fundi wetu anafanya hivyo kwa nondo nyembamba, kazi ya nusu siku. Mkoba bila hicho chuma ni hatari kuliko sanduku, nasema wazi, maana mkanda ukilegea na kuingia kwenye mnyororo gurudumu linakwama.

Na mpira wa kufungia, ule wa kukata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu? Ninaupenda, ni rafiki wa zamani. Lakini unavutika. Kwa koti la mvua na vitu vyepesi juu ya keria ni mzuri kabisa. Kwa kitu kizito, kila shimo unanyoosha, mzigo unaruka, mwishowe unageuka upande. Mzigo mzito ufungwe kwa mkanda usiovutika, wenye kifungo. Na ukitoka nyumbani, baada ya kilomita tano simama ukaze tena. Kila mzigo unajipanga upya kwenye mashimo ya kwanza.

Kuko swali la bei limeulizwa: je, bidoni ya njano iliyopasuliwa mdomo na kufungwa kwenye chuma haitoshi? Mimi nimeitumia miaka miwili, vijana walinicheka. Kwa funguo, oili, mhogo na viatu vyenye matope inatosha kabisa, na inaoshwa kwa maji tu. Kwa dawa na karatasi hapana.

Sasa jambo ambalo kwenye picha halionekani. Moto zetu hazirudi jinsi zilivyoenda. Tunaenda na mzigo, tunarudi na mtu. Mnakumbuka yule mama mjamzito aliyeletwa usiku kutoka mlimani. Dereva alifika kijijini na gunia limejaza kiti cha nyuma, akahangaika nusu saa gizani kufungua mafundo yaliyolowa, hatimaye akayakata kwa kisu, na vitu akaviacha chini kwenye mvua. Mama alifika, mtoto alizaliwa, tunashukuru. Lakini ile nusu saa mimi siisahau.

Kwa hiyo mikoba ikae nyuma ya mahali anapoweka miguu abiria, na kiti cha nyuma kibaki wazi siku zote, hata kama unakwenda peke yako na nafasi inakushawishi. Na mikoba iwe ya kutoka kwa vifungo viwili, dakika moja, ili uiache kwa mwenyeji wako na kuondoka na mgonjwa. Sanduku lililofungwa kwa bulonzi linakwenda naye, na magoti yake hayana pa kukaa.

Mpango wa ndani ya mikoba, kwa kifupi. Kushoto dawa, na nguo kavu zikizizunguka. Kuume, upande wa bomba, vitu visivyoogopa joto: funguo, chakula, viatu. Mafuta kwenye chombo chake, nje, mbali na chakula na mbali na dawa. Juu kabisa koti la mvua, maana mvua ya huku haikupi nafasi ya kutafuta. Karatasi za moto ziwe mfukoni mwako, ili kwenye bariyeri usifungue mzigo wote barabarani kwa sababu ya karatasi moja.

Na daftari? Daftari halikai kwenye moto. Nimefika kwenye swali la yule mama. Daftari na feza zinakaa kwenye mwili wa dereva, kwenye kimfuko cha kifuani, chini ya koti, ndani ya plastiki ya kukunja. Linaandikwa kwa biki ya kawaida, wino wake ni wa mafuta, maji hayauondoi upesi. Wenye mwandiko mzuri watuvumilie. Chini ya kila ukurasa karatasi ya kaboni, nakala inabaki kwa mjumbe wa kijiji. Kila jioni picha ya ukurasa wa siku kwa simu. Moto ikilala majini, na italala tena, mimi nitaamka na daftari litaamka pamoja na mimi.

Kuko kitu kimoja mweka hazina wetu hakubaliani nami, na ni haki yake. Anasema mkoba wa bashi hauna kufuli, kisu kimoja na dawa zimekwenda. Ni kweli. Kwa usiku jibu ni rahisi, mikoba inaingia ndani ya nyumba tunapolala. Mchana, dereva akiingia kwa mwanachama kusalimia, mkoba unabaki nje. Nilipendekeza moto mbili zisitembee mbali, mmoja aingie na mmoja abaki. Yeye anataka kisanduku kidogo cha chuma cha dawa, chenye kufuli, kikae ndani ya mkoba wa kushoto. Kilo 2, kilo 3. Ninaona uzito wake kabla hakijanunuliwa, lakini sitapinga mkikipigia kura.

Kwenu wafadhili, msisikie kwamba tumekataa zawadi. Mweka hazina amepiga hesabu kwa bei iliyoandikwa chini ya picha: feza ya masanduku ya moto moja inatosha kushona mikoba ya moto zote mbili, kuchomelea vyuma vyake, kununua mifuko minne ya ndani ile ya kukunja, na kubaki na ya kununua madaftari ya kaboni kwa wajumbe wote wa vijiji. Hiyo ya mwisho mtu hawezi kuipigia picha nzuri kwa ripoti yenu, najua. Lakini mkituuliza ni nini kitazuia mama mwingine asikope mbao za sanduku, ni hiyo.

Sitaki mniamini kwa mdomo. Fundi viatu wa soko amekwisha kushona mikoba miwili ya kwanza, kwa kukopesha. Mfuko wa ndani mmoja tuliazima kwa mtu wa mradi jirani. Alhamisi asubuhi moto ya kwanza inaondoka nayo, njia ile ile ya Fizi mpaka Lulimba, na mvua mnaiona wenyewe haijaisha. Ndani ya mkoba wa kushoto, kati ya dawa, tutaweka gazeti kavu. Tunarudi Jumapili jioni, na mkoba hatutaufungua mpaka tufike hapa uwanjani.

Yule mama wa kopo la maziwa yuko kati yetu leo, ametoka mbali na atakaa kwa dada yake mpaka Jumatatu. Nimemwomba aufungue yeye. Amekubali, lakini amesema atakuja na ndoo yake ya maji kwanza.